Kuziba Jino Ukiwa Lamu: Nenda Mapema, na Ujue Unazibwa kwa Nini

Watu wengi wa Lamu humwona daktari wa meno siku moja tu, siku ya kung'oa. Jino huanza kushtuka likiguswa na halwa, mtu akanyamaza. Likaanza kuuma kwa maji baridi, akahamishia kutafuna upande wa pili. Hadi siku anapokesha usiku kucha ameshika shavu ndipo anapanda boti, na wakati huo mara nyingi hana tena cha kuchagua. Jino hilo hilo lingeonwa miezi kadhaa nyuma, lingezibwa kwa kikao kimoja na mwenyewe angeulizwa anataka lizibwe kwa kitu gani.

Kwa hiyo namwandikia zaidi yule ambaye bado yuko kwenye halwa. Aliyekwisha kukesha naye asome sehemu ya kwanza, kisha atafute usafiri.

Nalisema mapema lile ninaloliona kubwa kuliko yote: unapochagua cha kuzibia, usianze na rangi wala bei. Anza na mahali tundu lilipo, kama jino hilo linaweza kukaushwa, na umbali kati ya nyumba yako na mtu wa kukurekebishia mambo yakiharibika. Mkaazi wa Langoni, hapa mjini Lamu, na mkaazi wa Kizingitini, kisiwa cha Pate, wanaweza kuwa na tundu la aina moja na wakafaa kuzibwa tofauti.

Yasikilize maumivu kabla ya kupanga safari

Jino kwa nje lina gamba gumu lisilo na hisia. Chini yake kuna sehemu laini zaidi, ya rangi ya manjano, na katikati kabisa kuna kiini chenye mshipa wa fahamu na damu. Bakteria waliopo kinywani hula sukari uliyokula wewe na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolila gamba. Likishatoboka, uozo huenda kwa kasi zaidi ndani kuliko nje. Ndiyo maana unaweza kuona kijitundu cha sindano, daktari akafungua akakuta pango.

Jino likishtuka kwa baridi au tamu kisha likatulia ndani ya sekunde chache, kiini bado ni kizima. Hilo ni jino la kuziba, na wakati wake ni sasa.

Maumivu yakibaki dakika nzima baada ya kumeza chai ya moto, au yakikuamsha usiku bila kuguswa na kitu, kiini kimeshaumia pasipo kupona. Hapo kuziba peke yake hakutoshi. Kuna ruti kanali, yaani kutoa mshipa na kusafisha mizizi kisha ndipo jino lizibwe, au kung'oa. Na jino lililouma wiki nzima kisha likanyamaza ghafla lisikufurahishe: mara nyingi mshipa umekufa, na usaha unajikusanya polepole chini ya mzizi.

Uso ukivimba, ukipata homa, kinywa kikawa hakifunguki au kumeza kukawa kwa taabu, hiyo ni dharura ya hospitali siku ile ile. Usisubiri boti ya asubuhi. Uvimbe wa jino la chini ukiteremka shingoni unaweza kuziba njia ya pumzi.

Ukiwa unasubiri miadi, mafuta ya karafuu yana kazi ya kweli; dawa iliyomo ndani yake, yujino, hutia ganzi. Lowesha kipande kidogo cha pamba, kiweke ndani ya tundu, na usiyaache yatapakae ufizini kwa sababu huunguza. Panadol imezwe. Kuna wanaosaga aspirini na kuipachika kando ya jino, na kuna wanaotia tumbaku au hata maji ya betri. Vitu hivi huchoma nyama ya kinywa, na tundu linabaki pale pale.

Pa kwenda, na maswali ya kuuliza kwa simu

Kisiwani, hospitali ya umma ni King Fahd. Malindi iko hospitali ya kaunti ndogo pamoja na kliniki za binafsi, na kwa mambo mazito zaidi watu hupelekwa Mombasa, Coast General. Kutoka Lamu hadi Malindi ni boti ya Mokowe kisha basi la Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200. Safari ya namna hiyo haifai kufanywa kwa kubahatisha.

Piga simu kwanza. Uliza: mnaziba au mnang'oa tu? Daktari wa meno yupo siku gani? Mna dawa nyeupe ya kuzibia, na taa ya kuigandisha inafanya kazi? Picha ya eksirei mnapiga hapo hapo au nitatumwa kwingine? Swali la taa watu hulisahau, na ni la maana kwa sababu ile nyeupe bila taa haigandi. Uliza pia bei ya jumla, ukitaja kumwona daktari, picha, ganzi na kuziba, maana bei unayotajiwa pengine ni ya kuziba peke yake. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, basi kama umejisajili uliza hapo hapo wanalipia nini.

Anayekutibu awe na leseni. Madaktari wa meno Kenya husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na leseni hutolewa kila mwaka. Kliniki inayojiheshimu huitundika ukutani. Fundi wa meno bandia anayepita mtaani na mkoba hana ruhusa ya kukutoboa jino, hata awe jamaa yako.

Kwenye kiti

Kula kabla ya kwenda. Mtu mwenye njaa na hofu huzimia upesi akichomwa sindano. Mwambie daktari kama una presha, sukari, pumu, moyo, kama unameza dawa ya kuyeyusha damu, kama kuna dawa inayokudhuru mwili, na kama una mimba. Mjamzito anaweza kuzibwa jino, na miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi. Asimfiche daktari kwa kuona haya.

Daktari atapuliza hewa kwenye jino, atagonga taratibu kwa mpini wa kile kioo kidogo, na huenda akapiga picha. Omba uione. Tundu huonekana kama kivuli cheusi ndani ya jino jeupe, na kiini kama mfereji mweusi katikati. Ukiona nafasi iliyobaki kati ya hivyo viwili, utaelewa mwenyewe kwa nini anaharakisha au kwa nini hana wasiwasi.

Kisha ganzi. Ya gego la chini huchomwa nyuma kabisa ya taya, na nusu ya mdomo pamoja na ulimi hufa ganzi. Ya juu huchomwa ufizini kando ya jino lenyewe. Moyo ukikupiga kwa kasi kwa dakika moja hivi baada ya sindano usidhani unakufa: ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili ikae muda mrefu. Subiri. Daktari akianza kutoboa na wewe bado unasikia uchungu, inua mkono. Mkubaliane ishara hiyo kabla hajaanza, maana kinywa kikishajaa vyombo huwezi kusema kitu. Akina baba wetu wana tabia ya kukaza vidole kwenye mikono ya kiti na kunyamaza, kana kwamba kulalamika ni aibu. Ganzi huongezwa. Omba iongezwe.

Atatoa uozo kwa mashine na kwa kijiko kidogo cha kukwangulia. Tundu likiwa limekaribia kiini, daktari mzuri anaweza kuacha kwa makusudi tabaka jembamba la sehemu iliyolainika pale chini kabisa, kisha akalifunika. Huo si uvivu. Akikwangua hadi mwisho anaweza kufungua mshipa, na bakteria waliozibiwa humo bila sukari hufifia.

Tundu likiwa ubavuni, kati ya jino na jino, utazungushiwa utepe mwembamba wa chuma na kusukumiwa kabari ndogo. Utasikia kubanwa. Utepe huo ndio unaolipatia jino ubavu wake; ukiwekwa vibaya, kila ukila nyama uzi wake utanasa pale pale.

Cha kuzibia

Kuna vitu vitatu utakavyokutana navyo, na cha nne cha muda.

Amalgamu ni ile ya fedha inayobadilika kuwa nyeusi. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Imetumika tangu karne ya 19. Haihangaishwi sana na mate, inastahimili meno yanayosaga kwa nguvu, na ikiwekwa vizuri hupita miaka 10. Ubaya wake ni kwamba haishiki jino kwa kunata. Daktari hulazimika kuchonga tundu pana zaidi, hata kwenye sehemu ya jino isiyooza, ili ijifungie humo.

Na zebaki je? Hapa watu wa bahari tuna haki ya kuuliza. Minamata ni mji wa Japani ulio kwenye ghuba. Mwaka 1956 ulitangazwa ugonjwa uliokuwa ukiwapiga wavuvi na jamaa zao, na chanzo kikaja kujulikana ni zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwa watu. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki uliopitishwa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo, na amalgamu ya meno imo ndani yake. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima. Umoja wa Ulaya uliiachisha kwa jumla kuanzia Januari 2025. Zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina nyingine, kali mno. Ile iliyo kwenye jino imefungamana na madini mengine na hutoa mvuke mdogo sana. Shida kubwa ya amalgamu ni mabaki yake yakitupwa ovyo. Basi kama unayo kinywani tangu zamani na ni nzima, iache. Kuichokora ndiko kunakotoa mvuke mwingi, na unapoteza pia sehemu ya jino isiyooza. Kama ni jino jipya na una njia nyingine, mimi ningechukua njia nyingine.

Kompositi ndiyo nyeupe. Ni utomvu uliochanganywa na chembe ndogo za kioo, unaopakwa tabaka baada ya tabaka, kila moja kiasi cha milimita 2, na kila moja ikimulikwa kwa taa ya buluu kwa sekunde 20 au zaidi hadi igande. Kwanza jino hupakwa asidi kwa sekunde chache, likaoshwa, likakaushwa, likapakwa gundi. Uzuri wake ni kwamba inanata, kwa hiyo tundu dogo hubaki dogo, na kwa meno ya mbele haina mshindani. Ikitunzwa, miaka 7 hadi 10 ni jambo la kawaida.

Lakini haitaki unyevu hata kidogo. Jahazi halitiwi kalafati likiwa majini, na kompositi haipakwi kwenye jino lenye mate. Tone moja la mate au damu ya ufizi likiingia kabla ya gundi, kingo zitaachia, uozo utaanza upya chini yake, na hutauona mpaka umekwenda mbali. Kwa sababu hii, daktari anayekwambia "hili gego la nyuma sana, tundu limeshuka chini ya ufizi, nyeupe haitashika" anakutendea haki. Yule anayekubali kila tundu kuwa jeupe kwa kuwa lina bei nzuri, mwogope. Tazama kama anatumia shuka dogo la mpira kulitenga jino, au angalau pamba anazozibadilisha kila zikilowa, pamoja na kimrija cha kufyonza mate. Ufizi wako ukiwa unavuja damu kwa uchafu, omba usafishwe kwanza, urudi baada ya wiki moja au mbili kuziba.

Kahawa chungu na tambuu huitia rangi kompositi baada ya muda. Rangi hung'arishwa. Tambuu yenye popoo ina hatari kubwa kuliko rangi: popoo husababisha saratani ya kinywa hata bila tumbaku.

Ya tatu ni glasi-ionoma. Wanakemia wa Uingereza, Alan Wilson na Brian Kent, waliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa kioo na asidi, hunata kwenye jino wenyewe, hustahimili unyevu kidogo, na hutoa floraidi polepole kuzunguka tundu. Udhaifu wake uko kwenye kusaga: ikiwekwa kwenye gego lililobomoka upande mzima, huvunjika mapema. Kwa tundu dogo lililo juu tu ya gego, kwa shingo ya jino karibu na ufizi, kwa meno ya utotoni, na kwa mzee ambaye mate yake hayakauki wala kinywa hakikai wazi muda mrefu, ni chaguo zuri kabisa.

Kwetu ina sifa nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi Tanzania, alianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu na kuziba, bila mashine, bila umeme, mara nyingi hata bila sindano. Dawa inayotumiwa leo katika njia hiyo ni hii glasi-ionoma, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa za lazima. Maana yake ni kwamba mtoto wa Siyu, Faza au Kiunga anaweza kuzibwa jino kwenye benchi la darasa, mwanga ukitoka dirishani. Shule na kamati za afya za visiwa zina haki ya kuwauliza wataalamu wa kaunti juu ya njia hii. Tusiwaachie watoto wakue wakijua koleo peke yake.

Na wazazi, tafadhali: mtoto akifika miaka sita hivi huota gego jipya nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni la kung'oka baadaye, wakaliacha lioze. Hilo ni la maisha. Hata la utotoni nalo lisidharauliwe, kwa kuwa magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12 na hulinda nafasi ya yanayokuja.

Cha muda ni ule ujiuji wenye harufu ya karafuu. Hutuliza kiini na hukaa wiki chache. Ukiwekewa, chukua tarehe ya kurudi kabla hujatoka, kwa sababu jino likishanyamaza utashawishika kulisahau. Na mwambie daktari wa pili kuwa uliwekewa cha karafuu: mabaki ya yujino huzuia kompositi kuganda vizuri, basi atasafisha zaidi au atachagua kitu kingine.

Ukikwama kuchagua, uliza hivi: "Daktari, lingekuwa jino la mwanao, na anakaa Pate, ungeliziba kwa nini?" Anayejibu kwa kukuonyesha picha na kukutajia mate, ufizi na ukubwa wa tundu, mwamini.

Kabla hujashuka kitini

Utang'atishwa karatasi nyembamba yenye wino, buluu au nyekundu. Uma, kisha saga huku na huku. Palipo na alama nzito ndipo palipoinuka, na hapo patapunguzwa. Ganzi hudanganya, kwa hiyo usiseme "sawa" kwa haraka ya kuwahi boti. Kesho yake ukihisi jino hilo linatangulia kugusa kuliko mengine, rudi. Halitazoea, litauma kila ukitafuna, na linaweza kupasuka.

Ganzi hukaa saa mbili hadi tatu. Usile mpaka iishe, na mchunge mtoto asijitafune mdomo, kwani huamka na kidonda kikubwa. Kompositi ikishamulikwa imekomaa, unaweza kutafunia upande huo ganzi ikiisha. Amalgamu na glasi-ionoma zipe siku nzima ya vyakula laini. Kushtuka kidogo kwa baridi kwa siku chache, hata wiki mbili, ni kawaida mradi kunapungua.

Ramadhani

Wengi huahirisha jino mwezi mzima kwa kuogopa kuharibu saumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, katika kikao chake cha Jiddah mwaka 1997 ilitaja kutoboa jino, kung'oa na kusafisha meno miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Sindano isiyo ya lishe iliwekwa humo pia. Ukiwa na shaka muulize imamu wako, au omba miadi ya baada ya futari. Piga mswaki baada ya daku kwa dawa yenye floraidi, tema, na usisukutue kwa maji mengi. Floraidi inahitaji kubaki kwenye meno. Mswaki wa mti ni mzuri na ni sunna, ila hauna floraidi ya kutosha, basi vitumie vyote viwili.

Kikitoka

Kilichozibwa kikidondoka, usikimeze wala usikirudishe kwa gundi ya dukani. Sukutua kwa maji ya chumvi, tafuna upande mwingine, na upige simu. Duka la dawa likiwa na ujiuji wa muda, jaza kidogo tu. Kama haliumi una siku chache, huna miezi. Nenda na kile kipande ukikipata, na utaje kilizibwa lini na kwa kitu gani. Ndiyo maana nakushauri siku ya kuzibwa umwombe daktari akuandikie kwenye kadi: jino lipi, dawa ipi, tarehe gani, na kama tundu lilifika karibu na kiini.